Namba ya Strong si maana ya neno: kamusi za Kiebrania na Kigiriki kwenye simu, na namna ya kuzisoma ukiwa Mswahili

#1 Mwanzisha uzi

Shalom wapendwa, na salamu kwa wadau wote.

Naandika uzi huu baada ya kusikia tena, mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, mhubiri akisema: "Neno hili kwa Kigiriki ni dunamis, yaani baruti." Watu wakapiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, maana miaka ya nyuma nilifanya kosa la aina hiyo hiyo mbele ya darasa langu, na najua lilitoka wapi. Lilitoka kwenye simu.

Simu zetu leo zimebeba kamusi ambazo zamani ulizikuta tu kwenye maktaba ya chuo cha theolojia. Unagusa neno, inatokea namba, chini yake mistari mitatu ya Kiingereza, na unatoka pale ukiamini umeshika "maana ya asili".

Nilikuwa nafundisha 1 Petro 1:15, Jumatano jioni. Nikagusa neno anastrofe, G391, nikaona "conversation". Nikafundisha dakika arobaini habari za mazungumzo: kusengenya, matusi, ahadi za uongo. Mama mmoja mzee, mwenye Biblia yake ya Union ya jalada jeusi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kwangu wameandika mwenendo? 'Ninyi nanyi iweni watakatifu katika mwenendo wenu wote.'" Nikamjibu kwa haraka kwamba tafsiri ni tafsiri tu, Kigiriki ndicho asili.

Yule mama alikuwa sahihi. Kiingereza kile ni cha Biblia ya King James, ya 1611, na enzi hizo neno hilo lilikuwa na maana ya jinsi mtu anavyoishi. Kigiriki chenyewe kinasema mwenendo, na waliotafsiri Union, iliyotoka 1952, walikiandika kilivyo. Jumatano iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya darasa lote.

Tangu siku ile nimejifunza kuuliza kwanza: hii kamusi niliyoifungua ni ya nani, ya mwaka gani, na iliandikwa kwa kazi gani?

Tuanze na Strong, maana ndiyo iliyo kila mahali. James Strong alikuwa mwalimu katika Drew Theological Seminary, New Jersey, Marekani. Mwaka 1890 alitoa itifaki ya Biblia ya King James: kila neno la Kiingereza lililomo, na kila mahali linapopatikana. Ili msomaji asiyejua Kiebrania ajue ni neno gani limekaa nyuma ya lile la Kiingereza, akayapa maneno ya asili namba, ya Kiebrania na Kiaramu hadi 8674 (simu huziandika kwa H mbele), ya Kigiriki hadi 5624 (kwa G). Nyuma ya kitabu akaweka kamusi fupi. Kwa hiyo namba ni kama ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu cha maktaba. Inakuonyesha kabati. Kusoma bado.

Ndani ya kila ingizo la Strong kuna kitu ambacho wengi hawajaelezwa: nukta mbili na kistari kirefu, hivi :—. Yaliyo kabla yake ndiyo maelezo ya Strong mwenyewe. Yaliyo baada yake si maana hata kidogo. Ni orodha ya jinsi watafsiri wa King James walivyoliandika neno lile mahali mbalimbali. Mtu anaichukua orodha ile yote, anaimwaga kwenye mstari mmoja, anasema "neno hili lina maana saba".

Angalia H7363, rakhaf. Neno hili limo mara tatu tu katika Agano la Kale lote. Strong anasema ni kuatamia, na kwa maana ya kudokezwa, kulegea. Kisha baada ya kile kistari anaweka maneno matatu ya Kiingereza: kupapatika, kusogea, kutikisika. Mahali patatu, tafsiri tatu. Ukisema Roho katika Mwanzo 1:2 "alitikisika" kwa sababu neno hilo limo kwenye orodha, umeutoa mtikisiko wa mifupa ya nabii katika Yeremia 23:9 ukaupachika kwenye uumbaji.

Sasa fungua Union yako. Mwanzo 1:2: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Halafu nenda Kumbukumbu la Torati 32:11, pale tai anapotaharikisha kioto chake "na kupapatika juu ya makinda yake". Ni kitenzi kile kile, kauli ile ile. Mimi nilikuwa nimeisoma Mwanzo 1:2 tangu shule ya Jumapili nikiona maji na kimya. Siku nilipoziweka aya hizi mbili pamoja nikaona mabawa. Hilo kamusi ya mistari mitatu haikunipa; lilitoka kwenye itifaki, kwa kwenda kila mahali neno lilipo.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

#2 Mdau wa Mbeya

Mkuu ubarikiwe. Nondo hizi. Mimi ni mwinjilisti wa kijijini, simu yangu ni ndogo na bando ni la kubahatisha. Nitumie programu gani? Na je, mbona hizi za bure zote zina kamusi zile zile, Strong, Thayer, na ile ya BDB?

#3 Mwanzisha uzi

Mtumishi, nianze na swali la pili kwa sababu ndilo lenye uzito.

Zinafanana kwa sababu ya umri. Strong ni ya 1890. Thayer, ya Kigiriki, ni ya 1886. BDB, yaani Brown, Driver na Briggs, ilikamilika 1906, na msingi wake ni kazi ya Mjerumani Wilhelm Gesenius aliyefariki 1842. Hakimiliki zake zimekwisha, ndiyo maana kila anayetengeneza programu anaziingiza bila kulipa. Za baadaye, kama HALOT ya Kiebrania au BDAG ya Kigiriki (toleo la 3, mwaka 2000), zina wenyewe na zinauzwa, na bei yake ni nzito kwa mshahara wa wengi wetu. Naomba tusitumiane humu nakala za wizi.

Za zamani si mbovu. BDB naifungua karibu kila siku. Lakini ujue waandishi wake walikufa bila kuona nini. Mabamba ya udongo ya Ugarit, pale Ras Shamra nchini Syria, yalianza kuchimbuliwa 1929. Lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiebrania. Magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yalianza kuonekana 1947. BDB haikuvijua vyote viwili. Upande wa Kigiriki, Waingereza Grenfell na Hunt walianza kuchimba Oxyrhynchus, Misri, katika majira ya baridi ya 1896 hadi 1897, wakatoa mafunjo kwa maelfu: risiti, mikataba, barua za mtu kwa mkewe. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba Kigiriki cha Agano Jipya ni cha watu wa kawaida wa sokoni na nyumbani. Thayer alikuwa ameshachapisha miaka kumi kabla.

Mfano mmoja utakaouelewa mara moja. Nefesh, H5315. BDB inaanza na nafsi, kiumbe hai, uhai, hamu. HALOT inaanza na koo. Ndiyo, koo hili la kumezea. Lugha ndugu kama Kiakadi na Kiugariti zilisaidia kuliona. Sasa soma Zaburi 69:1. Union: "Maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu." Biblia ya Habari Njema: maji yamefika shingoni. Nimewahi kuona watu wakigombana, huyu anasema Habari Njema wamepunguza mambo ya kiroho, yule anasema Union haieleweki. Ni neno moja. Mtu anayezama, maji humfika kooni. Na Isaya 5:14, kuzimu kunapanua nefesh yake na kufungua kinywa chake. Ukijua koo, aya inasomeka yenyewe.

Sasa programu. Kwa simu ndogo ya Android ningekushauri AndBible. Ni ya bure, unapakua kamusi na Biblia mara moja ukiwa mahali penye mtandao, kisha unasoma bila bando. MySword nayo inafanya kazi hivyo. Kwenye kompyuta ya Windows kuna e-Sword. Lakini ninayoitegemea kuliko zote ni STEPBible ya Tyndale House, Cambridge, kwa sababu walichukua kamusi ya Kigiriki ya Abbott-Smith ya 1922, iliyoandikwa baada ya mafunjo kuanza kusomwa, wakaiunganisha na kila neno. Inafunguka kwenye kivinjari, na kuna ya kupakua kwenye kompyuta.

Blue Letter Bible na Bible Hub, za mtandaoni, mnazijua. Zina haraka, na haraka hiyo ndiyo hatari yake.

#4 Mdau wa Nakuru

Asante sana Mwalimu. Lakini kuhusu dunamis hujamaliza. Neno la Kiingereza la baruti, dynamite, si limetoka kwa dunamis kweli? Kosa liko wapi?

#5 Mwanzisha uzi

Limetoka huko, ndiyo. Alfred Nobel alisajili uvumbuzi wake 1867 na akachukua neno la Kigiriki kuupa jina. Paulo aliandika Warumi miaka elfu moja na mia nane kabla. Neno la mjukuu haliwezi kumfafanua babu. Paulo anasema Injili ni "uweza wa Mungu uuletao wokovu", na uweza ndio huo: kuweza, kuwa na nguvu ya kutenda jambo likatendeka. Baruti hubomoa, aya inazungumzia kuokoa.

Kosa hili lina ndugu yake, la kuvunja neno vipande na kudhani jumla ya vipande ndiyo maana. Mnasikia: ekklesia ni ek, "kutoka", na kaleo, "kuita", kwa hiyo kanisa ni "walioitwa kutoka ulimwenguni". Ni fundisho zuri, na lina aya nyingine za kulishikilia. Lakini nenda Matendo 19. Umati uliofanya ghasia katika ukumbi wa michezo wa Efeso, ukipiga kelele kwa ajili ya Artemi, Luka anauita ekklesia (aya ya 32). Na karani wa mji anapowaambia mambo mengine yatatengenezwa "katika kusanyiko lililo halali" (aya ya 39), ni ekklesia tena. Neno lilikuwa la kawaida kwa mkutano wa raia. Msomi James Barr aliliandikia suala hili kitabu kizima mwaka 1961, na wasomi walioandika kuhusu maneno ya Biblia baada yake wamelazimika kumjibu.

Tufikirie kwa lugha yetu. Nani kati yetu akisikia "mwanasheria" anamwona mwana wa mtu aitwaye Sheria? Tunajua maana kwa sababu tunajua linatumikaje.

#6 Mdau wa Nakuru

Hapo nimekupata. Na agape? Usiniambie agape nayo si upendo wa kimungu, tumefundishwa tangu ujana.

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, upendo wa Mungu ni kweli, na 1 Yohana 4 inaueleza vizuri kuliko mimi. Ninachokataa ni kudai kwamba neno peke yake limebeba fundisho lote popote linapoonekana.

Fungua itifaki mwenyewe. Yohana 3:35, Baba ampenda Mwana: agapao. Yohana 5:20, Baba ampenda Mwana: fileo. Mpendaji yule yule, mpendwa yule yule. 2 Timotheo 4:10, Dema alimwacha Paulo "akiupenda ulimwengu huu wa sasa": agapao. Kisha nenda kwenye Septuaginta, ile tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyoanza Alexandria karne ya 3 K.K., usome 2 Samweli 13. Amnoni aliyemwonea dada yake Tamari: tamaa yake imeandikwa kwa agapao, na katika aya ya 15 kwa agape.

Mimi aya hiyo ilinitetemesha nilipoiona. Ndiyo maana nasema tusiweke imani za watu juu ya neno moja la kamusi. Siku kijana akikutana na Amnoni atadhani tulimdanganya.

Kwa hiyo katika Yohana 21, Petro na Bwana wakibadilishana agapao na fileo, Union waliandika "wanipenda" mara zote tatu. Nilikuwa nawalaumu. Siku hizi naona walikuwa na sababu, maana Yohana ana tabia ya kubadili maneno yanayokaribiana; katika aya hizo hizo anabadili kulisha na kuchunga, wana-kondoo na kondoo.

#8 Mdau wa Mbeya

Mkuu, nimepakua AndBible jana nikiwa mjini. Naona kila kitenzi cha Kiebrania kina maneno kama Qal, Piel, Hifil. Yananichanganya. Niyaruke?

#9 Mwanzisha uzi

Usiyaruke, Mtumishi! Hapa Mswahili ana urithi ambao Mwingereza hana.

Wewe unajua rudi, rudisha, rudiana, rudishwa. Hakuna aliyekufundisha darasani kwamba shina ni moja na kauli ndiyo iliyobadilika, umezaliwa nalo. Kiebrania kinafanya hivyo, ila hakibadili mwisho wa neno. Kinabadili irabu za ndani, kinarudufisha konsonanti ya kati, au kinaongeza herufi mbele. Shuv, H7725, katika Qal ni kurudi. Katika Hifil ni kurudisha. Sura ya 1 ya Ruthu imejaa neno hili. Naomi anawasihi wakweze warudi, Ruthu anasema "usinisihi nikuache, nirejee", halafu Naomi anafika Bethlehemu analia: "naye BWANA amenirudisha sina kitu." Ile ya Ruthu ni Qal, hii ya mwisho ni Hifil. Naomi hakusema tu kwamba amerudi. Amemtaja aliyemrudisha. Kwenye Strong yote haya ni namba moja, na orodha ya Kiingereza baada ya kile kistari ni ndefu mno, mtu anachota anachotaka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba ukifungua BDB, tafuta kwanza kauli iliyo kwenye aya yako, kisha soma sehemu hiyo tu ya ingizo. Na jambo la kuzoea: BDB imepangwa kwa mashina, si kwa alfabeti ya maneno. Mizbeakh, madhabahu, hulikuti kwenye M. Liko chini ya z-b-kh, kuchinja dhabihu. Simu hukupeleka yenyewe, ila ukijua mpangilio huo unaona familia nzima ya neno.

Na umeona? Madhabahu, dhabihu. Maneno yetu yaliyotoka Kiarabu ni jamaa wa yale ya Kiebrania: roho na ruakh, nafsi na nefesh, malaika na malakh, hekima na khokhma, rehema na rakhamim, damu na dam. Yanasaidia sana kukumbuka. Lakini jamaa si pacha. Sadaka na tsedaqa ni jamaa, ila tsedaqa katika manabii ni haki, uadilifu. Ukisoma Amosi 5:24, "haki kama maji makuu", ukaweka sadaka ya kikapuni, nabii atakushangaa.

#10 Mdau wa Tanga

Assalaam aleikum na shalom kwa wote. Mimi ni Mwislamu, nimeingia uzini kwa sababu ya lugha tu, natumaini naruhusiwa. Hili la maneno jamaa limenigusa. Je, kuna neno la Kigiriki lililofika kwenye Kiswahili chetu cha pwani?

#11 Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, kaka, karibu sana. Lipo ambalo nililiweka akiba kwa siku kama ya leo.

Arabuni. 2 Wakorintho 1:22: "akatupa arabuni ya Roho mioyoni mwetu." Waefeso 1:14, Roho "ndiye aliye arabuni ya urithi wetu". Kwa Kigiriki ni arrabon, G728. Limeingia Kigiriki kutoka lugha za Kisemiti, maana Mwanzo 38 ina eravon, H6162, pale Tamari (si yule wa Amnoni) anapomdai Yuda rehani: muhuri, kamba na fimbo. Kwa Kiarabu ni arabuni, na kwa Kiarabu ndivyo lilivyofika pwani yetu.

King James wameandika "earnest". Kijana wa leo akigusa G728 akaliona neno hilo, atalitafuta kwenye kamusi yake ya Kiingereza na kupata "kwa dhati, kwa bidii". Ataandaa somo zima la bidii ya Roho. Ndilo lile kosa langu la "conversation".

Na mafunjo ya Misri nayo yanalo. Moulton na Milligan, waliokusanya ushahidi wa mafunjo kwa ajili ya maneno ya Agano Jipya, wanataja mwanamke aliyeuza ng'ombe akapokea drakma 1,000 kama arrabon. Fedha ya kutangulia, sehemu ya bei yenyewe, inayofunga mapatano.

Nami nakuuliza wewe uliye Tanga: huko neno bado linatumika?

#12 Mdau wa Tanga

Linatumika. Vijana wanasema advansi, lakini baba yangu ni seremala na yeye husema arabuni. Mteja akitaka kitanda, hatoi arabuni, baba hagusi mbao. Akishatoa, hata aje mwingine na bei ya juu, ile mbao imeshafungwa. Mteja akipotea, arabuni imekwenda, hairudi.

#13 Mwanzisha uzi

Na baba akishindwa kumaliza kitanda?

#14 Mdau wa Tanga

Hapo ni aibu yake. Atairudisha na kuomba radhi mbele ya watu. Lakini tangu nizaliwe sijaona akishindwa. Akishapokea huwa anaandika kwa penseli ukutani, jina na kiasi, hata kama ni shilingi elfu tano.

#15 Mdau wa Mbeya

Wakuu, Waefeso 1:14 nilikuwa nihubiri Jumapili hii. Nimeandika upya. Kaka wa Tanga, naomba ruhusa nitumie habari ya ukuta wa baba yako, sitataja jina.

#16 Mdau wa Tanga

Ruhusa unayo. Nimemsomea yupo hapa, anauliza huyo mama wa ng'ombe alipata salio lake?